Kitabu cha Katuni Hakipandi Bei kwa Kuzeeka

Thamani ya kitabu cha katuni kinachokusanywa hutokana na mambo manne: ni toleo gani hasa, liko katika hali gani, ni halisi na kamili au limepungua, na ni watu wangapi wanaolitaka leo wakiwa na fedha mkononi. Umri haumo. Hata hivyo, swali linalowafikia wathamini kila uchao huanza na umri na kuishia hapo hapo: kitabu ni cha mwaka 1965, au 1978, au 1992, je, kina bei gani? Swali hilo halina jibu. Anayelijibu bila kuuliza jina na namba ya toleo, na bila kukishika kitabu mkononi, ama haijui kazi ama anataka kukinunua kwa bei ya kutupa.

Soko lenye minada mikubwa na kumbukumbu za mauzo za miaka mingi liko Marekani, na ndilo linaloamua bei hata kwa mtu aliyerithi sanduku la vitabu hivyo Nairobi, Muscat au Toronto. Ndiyo maana mifano mingi hapa ni ya huko.

Imani kwamba ukongwe ni mali ina chanzo kinachojulikana. Mwaka 1938 lilitoka toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni, kwa senti 10, likiwa na kisa cha kwanza cha Superman kilichotungwa na Jerry Siegel na kuchorwa na Joe Shuster. Mwezi Aprili 2024 nakala moja ya toleo hilo iliuzwa kwenye mnada wa Heritage Auctions kwa dola milioni 6. Habari ya namna hiyo ikitangazwa, msikilizaji hunasa maneno mawili tu, mwaka na mamilioni, kisha hukimbilia stoo kutafuta chochote chenye mwaka wa zamani.

Asichokisikia ni kwamba mwaka huo huo wa 1938, kwenye vibanda vile vile vya magazeti, palikuwa pia na Famous Funnies, Popular Comics, King Comics na Tip Top Comics. Navyo viliuzwa senti 10. Navyo vilichapwa kwenye karatasi ya aina ile ile, na vimezeeka kwa idadi ile ile ya miaka. Lakini vilijaa zaidi katuni zilizokwisha kutoka magazetini, na nakala yake ya kawaida leo huhesabiwa kwa mamia ya dola. Hata ndani ya Action Comics yenyewe umri hauelezi lolote. Toleo la 2 lilifuata mwezi mmoja tu baadaye, na Superman yumo ndani, ila hayupo kwenye jalada, wala si mara yake ya kwanza kuonekana. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya toleo la 1. Mwezi mmoja haujazalisha tofauti ya mamilioni ya dola. Kilichoizalisha ni kisa chenyewe na jalada lake.

Ushahidi wa pili ni mkali zaidi, kwa sababu unaonyesha bei ikishuka kadiri miaka inavyoongezeka. Katika miaka ya 1940 na 1950 watoto wa Marekani walipenda mno katuni za wachunga ng'ombe wa sinema: Roy Rogers, Gene Autry, Hopalong Cassidy. Watoto hao walipokuwa watu wazima wenye kipato walivitafuta vitabu vya utoto wao na bei ikapanda. Sasa wengi wao wamefariki, warithi wanaleta masanduku sokoni, na kijana wa leo hamjui Hopalong Cassidy ni nani. Vitabu vimezeeka, wanunuzi wamepungua, bei imelegea. Aliyevinunua akiamini kwamba muda peke yake utamtajirisha ameshuhudia muda ukimfilisi.

Tazama upande wa pili. The Incredible Hulk namba 181 ni ya Novemba 1974. Ni changa kuliko vitabu hivyo vya wachunga ng'ombe kwa miaka 15 na zaidi, na ilichapwa kwa wingi, lakini nakala safi huuzwa kwa maelfu ya dola kwa sababu ndimo Wolverine alimoonekana kikamilifu kwa mara ya kwanza. The New Mutants namba 98 ya Februari 1991 nayo hupata mamia ya dola ikiwa safi, kwa kuwa ilimleta Deadpool. Fantastic Four namba 52 ya Julai 1966, iliyomtambulisha Black Panther, ilikuwa ikijulikana kwa wakusanyaji kwa miaka mingi, kisha filamu ya mwaka 2018, ile aliyoigiza Lupita Nyong'o, ikaongeza idadi ya watu wanaoitaka. Kitabu hakikubadilika hata herufi moja. Waliobadilika ni wanunuzi.

Kinachochanganywa na umri ni uhaba, na uhaba una historia yake. Vitabu vya miaka ya 1930 na 1940 ni haba kwa sababu viliteketea. Mtoto alikikunja akakitia mfukoni, akamwazima mwenzake, kikachanika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walikusanya karatasi chakavu kwa ajili ya vita, na marundo ya katuni yakaenda na karatasi hizo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wazazi, walimu na viongozi wa dini katika miji kadhaa walizichoma hadharani wakidai zinawaharibu watoto; na mwaka 1954 kitabu cha daktari wa akili Fredric Wertham kilizidisha hofu hiyo, na kamati ndogo ya Baraza la Seneti ikafanya vikao kuihusu. Katika hali hiyo, nakala iliyosalia safi ilisalia kwa bahati, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiitunza kwa makusudi. Mkusanyo wa Edgar Church wa Colorado, ulionunuliwa na mfanyabiashara wa katuni Chuck Rozanski mwaka 1977, unasifiwa mpaka leo kwa sababu hiyo: maelfu ya vitabu vya enzi hiyo vilivyokaa kwenye hewa kavu na baridi, vikiwa na kurasa nyeupe kana kwamba vilinunuliwa jana.

Sasa ikumbukwe kilichotokea watu walipoanza kutunza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 habari za bei kubwa zilienea, na walanguzi wakaingia madukani. Hawakununua kisa cha kusoma. Walinunua makasha ya kuficha. Wachapishaji waliwapa walichokitaka: majalada ya kung'aa, majalada manne au matano ya toleo moja, mifuko iliyofungwa. X-Men namba 1 ya Oktoba 1991, iliyoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na Jim Lee, ilichapwa nakala zaidi ya milioni 8. Novemba 1992 likatoka Superman namba 75, toleo la kifo chake, ndani ya mfuko mweusi wenye nembo inayochuruzika damu. Watu walipanga foleni, wakanunua nakala tatu, tano, kumi, wakaapa kutozifungua. Mamilioni ya watu walitunza kitu kile kile, kwa namna ile ile, kwa kumngoja mnunuzi yule yule ambaye hakuwepo, kwani kila aliyeitaka alikwisha kuwa nayo. Soko liliporomoka, maduka mengi yakafungwa, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe ikaomba kinga ya mufilisi.

Zaidi ya miaka 30 imepita tangu foleni hizo. X-Men namba 1 ya 1991 huuzwa kwa dola chache, mara nyingine chini ya gharama ya kuiposti. Mfuko mweusi wa Superman bado unaletwa kwa wathamini, bado haujafunguliwa, na mwenye nao bado anauliza ni lini utapanda bei. Toleo la namba 98 la The New Mutants na toleo la namba 1 la X-Men ni ya mwaka mmoja na mchapishaji mmoja. Moja linatafutwa na jingine limejaa tele. Mtu akiliona hili na bado akauliza kuhusu mwaka, hataki kusikia.

Kuna jambo moja tu ambalo miaka hukifanyia kitabu cha katuni bila kukosa, nalo ni kukiharibu. Karatasi yake ni ya kimagazeti, iliyotengenezwa kwa mbao zilizosagwa pamoja na lignini yake. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka rangi, na tindikali iliyomo hukata nyuzi za karatasi kidogo kidogo. Ukurasa mweupe huwa wa maziwa, kisha wa manjano, kisha wa kahawia, na mwisho kona yake humeguka mtu anapoufunua. Joto na unyevu huharakisha mwendo huo, na ndiyo sababu kitabu kilichokaa miaka 20 Mombasa au Zanzibar kwenye sanduku la mbao kinaweza kuwa hoi kuliko kilichokaa miaka 60 Colorado.

Imani ya mwaka ina mtoto wake, ambaye ni kuamini mwaka uliochapwa kitabuni. Mfano maarufu ni wa mwaka 1974, ambapo kampuni ya DC ilitoa Action Comics namba 1 upya katika mfululizo wa Famous First Edition. Kila ukurasa ulirudiwa pamoja na matangazo, bei ya senti 10 na tarehe ya Juni 1938. Lilikuwa na jalada la nje la kadibodi lililoeleza wazi kwamba hii ni chapa ya kurudia. Jalada hilo likibanduka, au likibanduliwa na mwenye hila, kinachobaki kinadai kuwa cha mwaka 1938 kwa kila herufi. Rula ndiyo humaliza ubishi. Chapa ya 1974 ni kubwa, yapata sentimita 25 kwa 34, wakati toleo la asili ni kama sentimita 20 kwa 26. Vilio vingi vingeepukwa kwa kupima tu.

Kwa wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda mtego huo una sura ya Kifaransa. Albamu ya Tintin au Congo ilitoka kwanza mwaka 1931 ikiwa nyeusi na nyeupe, ikachorwa upya kwa rangi mwaka 1946, na wachapishaji Casterman wameendelea kuichapa tangu hapo huku mwaka 1946 ukibaki ndani kama mwaka wa hakimiliki. Maelfu ya nakala zilizochapwa miongo kadhaa baadaye huletwa kwa madai kwamba ni za 1946. Mkusanyaji wa Tintin hugeuza albamu na kutazama jalada la nyuma, ambako albamu nyingine za mfululizo huorodheshwa au kuonyeshwa kwa picha. Kama Tintin et les Picaros imo, nakala hiyo haiwezi kuwa imechapwa kabla ya mwaka 1976, kwa kuwa albamu hiyo haikuwapo. Kila aina ya jalada la nyuma ina alama yake kwa wataalamu, na bei hufuata alama hiyo.

Utambuzi sahihi wa toleo la Kimarekani huanzia kwenye maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa wa kwanza au upande wa ndani wa jalada. Hapo pana jina rasmi, namba, mwezi na mchapishaji, na jina hilo mara nyingine hutofautiana na lililoandikwa kwa madaha kwenye jalada. Kisha hutazamwa bei ya jalada. Mwaka 1976 na 1977 Marvel ilijaribu bei mpya za senti 30 na 35 katika baadhi ya miji, huku miji mingine ikiendelea na bei ya zamani. Kwa hiyo Star Wars namba 1 ya chapa ya kwanza yenye bei ya senti 35 ni kitu haba sana, na ile ya senti 30 iko kila mahali. Tofauti ya senti 5 kwenye kona ya jalada inabeba maelfu ya dola. Namba 1 peke yake nayo haina uzito wowote: wachapishaji huanza upya kuhesabu kila mauzo yakilegea, na namba 1 za miongo ya karibuni ni nyingi kupita kiasi.

Hali ya kitabu hupimwa kwa kipimo kinachoanzia 0.5 hadi 10. Uzito wa kipimo hicho ulionekana wazi mwaka 2010. Februari ya mwaka huo Action Comics namba 1 ya daraja la 8.0 iliuzwa dola milioni 1. Mwezi uliofuata nakala nyingine ya toleo lile lile, daraja la 8.5, iliuzwa dola milioni 1.5. Nusu nukta ilikuwa na thamani ya nusu milioni. Na daraja nalo halifungi bei milele, kwani Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, iliyomleta Spider-Man, iliuzwa dola milioni 1.1 mwaka 2011 ikiwa na daraja la 9.6, na mwaka 2021 nakala ya daraja hilo hilo ilifika dola milioni 3.6.

Mkaguzi hukilaza kitabu chini ya taa, mikono ikiwa safi na mikavu, na kuanzia mgongoni. Pale jalada linapojikunja huwa na mistari midogo ya kukatika. Mstari ambao haujavunja rangi hupunguza kidogo. Ule uliotoa rangi na kuacha weupe wa karatasi hupunguza sana. Kisha pini mbili za katikati: zina kutu? Kutu imepenya kwenye karatasi? Jalada limechomoka kwenye pini moja? Kisha kona nne, kingo, madoa ya maji, majina yaliyoandikwa kwa kalamu. Ndani huhesabiwa kurasa moja moja hadi karatasi ya katikati, kwa sababu hiyo ndiyo hutoweka kwanza. Rangi ya kurasa huandikwa, na harufu nayo hunuswa. Kuvu hujulikana kwa pua kabla ya macho.

Kuhesabu kurasa peke yake hakutoshi, na The Incredible Hulk namba 181 inaeleza kwa nini. Mwaka 1974 Marvel iliwahimiza wasomaji kukata stempu zilizochapwa kwenye ukurasa wa barua na kuzibandika katika kijitabu maalumu. Watoto watiifu walichukua mkasi. Ndani ya namba 181 palikuwa na stempu yenye picha ya Shanna, na leo nakala nyingi zinazoonekana nzima kwa nje zina tundu la mstatili kwa ndani. Jalada linang'aa, mgongo umenyooka, kona ni kali, na bado sehemu kubwa ya thamani imekwenda na stempu moja ndogo. Kwa muuzaji asiyeonyesha picha ya ukurasa huo kisinunuliwe kitu.

Dawa za mitishamba za katuni zinastahili maneno machache makali. Selotepu haishoni kitabu. Gundi yake hugeuka kahawia, hupenya ukurasa wa pili na wa tatu, na haitoki. Kalamu ya rangi iliyopitishwa kwenye weupe wa mgongo huonekana kwa mtaalamu mara moja, na hukigeuza kitabu kuwa kilichokarabatiwa, jina ambalo soko huliadhibu kuliko mkwaruzo wenyewe. Dawa ya kung'arisha nguo hula karatasi. Pasi ya nyumbani hunyoosha mkunjo na kuunguza wino. Kuanika juani ni kukiua. Wapo mafundi wenye mashine za shinikizo na joto la kupimwa wanaoweza kunyoosha mikunjo isiyovunja rangi, na kazi yao ikifanywa vizuri haihesabiwi kuwa ukarabati. Lakini hiyo ni kazi yao, na kitabu kikiharibikia mikononi mwa mwenye nyumba hakuna fundi atakayekirudisha.

Mashuhuri katika kazi ya kutoa madaraja ni kampuni ya CGC ya Sarasota, Florida, iliyoanza mwaka 2000. Hukikagua kitabu, hukipa daraja, na kukifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo. Rangi ya lebo husomwa kabla ya namba. Ya bluu ni kitabu cha kawaida. Ya zambarau ni kilichokarabatiwa. Ya kijani ni chenye dosari kubwa inayotajwa, kama stempu iliyokatwa. Ya manjano ni chenye sahihi iliyotiwa mbele ya shahidi wa kampuni. Sahihi ya mwandishi Stan Lee isiyo na shahidi, hata ikiwa ya kweli kabisa, inaweza kuhesabiwa kuwa maandishi kwenye jalada. Mnunuzi alinganishe namba ya kasha na kumbukumbu za kampuni na picha zilizopo, kwa kuwa wapo walaghai waliowahi kufungua makasha na kubadilisha kilichomo.

Kampuni hiyo hutoa pia hesabu ya nakala ilizokwisha kuzipa madaraja, na hesabu hiyo husomwa vibaya. Haisemi nakala zilizopo duniani, husema zilizoletwa. Toleo la bei chee lenye nakala mbili kwenye hesabu si adimu, ila hakuna aliyeona haja ya kulilipia. Na kitabu kilichotolewa kwenye kasha na kupelekwa tena kwa matumaini ya daraja la juu huweza kuhesabiwa mara mbili.

Bei, mwishowe, ni fedha iliyolipwa. Inayoombwa ni ndoto ya muuzaji. Mtu huona kwenye mtandao mfuko mweusi wa Superman ukiombewa dola 5,000 na kuamini wake una thamani hiyo. Tangazo hilo huenda limekaa bila kuguswa kwa miaka. Kwenye eBay kinachotazamwa ni orodha ya vilivyouzwa, na Heritage huhifadhi kumbukumbu za minada yake. Huchukuliwa mauzo kadhaa ya karibuni ya toleo lile lile, daraja lile lile, lebo ya rangi ile ile, na bei moja iliyoruka kupita zote huachwa kando. Iangaliwe pia kwamba bei zinazotangazwa na nyumba za mnada huwa na ada ya mnunuzi ndani yake, na muuzaji naye hukatwa yake. Kwa hiyo tarakimu iliyo kwenye gazeti si iliyoingia benki.

Katalogi ya Overstreet, inayotoka tangu mwaka 1970, bado inafaa kwa kutambua matoleo na kulinganisha uzito wake. Kosa la wengi ni kusoma safu ya kulia kabisa, ambayo ni bei ya daraja la 9.2, huku kitabu walichoshika kikiwa cha 2.0, ambacho bei yake iko safu ya kushoto. Vitabu vingi vilivyosomwa na watoto ni vya kushoto. Kwa albamu za Kifaransa hutumika katalogi ya BDM. Majarida ya kwetu, kuanzia Sani ya Tanzania hadi visa vya picha vya Lance Spearman vilivyosomwa Afrika Mashariki, hayana katalogi ya namna hiyo wala kumbukumbu za kutosha za minada. Yatunzwe kwa thamani yake ya kihistoria, na atakayetaka kuyauza apatane na mnunuzi uso kwa uso.

Njia za kuuza ni chache. Duka hulipa papo hapo, lakini kwa kawaida nusu ya bei ya soko au chini yake, kwa sababu lina kodi na faida ya kutafuta. Kwa vitabu vya kawaida hiyo ndiyo njia ya busara. Mtandaoni hupatikana zaidi, kwa gharama ya muda, ada na wanunuzi wasumbufu. Nyumba ya mnada ifuatwe kwa kitabu cha maelfu ya dola, si kwa sanduku la vitabu vya dola tatu. Daraja la CGC litafutwe pale tu ongezeko la bei linapozidi ada pamoja na usafirishaji wa kwenda na kurudi na bima. Kwa aliye Dar es Salaam au Kampala hesabu hiyo hukataa mara nyingi. Rundo lichambuliwe kwanza na matoleo mazito yatengwe, maana mnunuzi wa rundo zima hulipa kwa kilo na kuondoka na kile kimoja chenye thamani. Kabla ya kuuza, picha zipigwe: jalada la mbele, la nyuma, karatasi ya katikati, pini, na ukurasa wowote wenye kuponi au stempu. Dosari zitajwe zote. Kitabu kinachorudishwa hugharimu kuliko kilichouzwa kwa bei ya chini.

Anayebaki navyo avitie kimoja kimoja kwenye mfuko wa poliesta, nyuma yake pakae kadibodi isiyo na tindikali, visimame wima bila kubanana, mbali na sakafu, ukuta wa nje na dirisha. Mifuko ya nailoni ya sokoni haifai. Pwani, chumba chenye kiyoyozi au kasha lililofungwa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu ni lazima, na vifuko hivyo hubadilishwa vikishiba. Ukaguzi ufanywe baada ya masika na baada ya vuli. Kitabu kitakachoonekana na kuvu kitengwe na vingine siku hiyo hiyo.